Bluu ya Shemeji

Mume wa dada yangu ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini pale hospitali hakuna anayemjua kwa jina jingine zaidi ya Bluu. Mlinzi wa getini humwita Bluu. Daktari humwita Bluu. Siku moja mgeni alikuja kumuulizia kwa jina lake halisi akarudishwa, akaambiwa mtu huyo hafanyi kazi hapa.

Jina hilo amelipata kwa kupiga kelele. Asubuhi, kabla mgonjwa yeyote hajaunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu, shemeji anakuwa chumba cha nyuma anapima maji. Akimaliza anasimama mlangoni na kupaza sauti: "Bluu!" Sista mkuu, yuko kule mwisho wa ukumbi anavaa glavu, anamjibu bila kugeuka: "Haya, washa!" Hapo ndipo mashine zinaanza kunguruma na sisi tunanyoosha mikono. Nasema sisi kwa sababu mimi ni mmoja wao. Figo zangu zilistaafu mapema kuliko mwenyewe, na tangu hapo naishi kwa dada na shemeji, naamka nao, nakula nao, na siku za mashine naongozana na shemeji mpaka hospitali.

Maji ya mji wetu ni magumu. Siyasengenyi, yana sifa yake hiyo. Nunua birika leo, baada ya muda mfupi lina ukoko mweupe ndani. Nguo unaisugua mpaka mkono ukuume, povu hulioni. Kwa kunywa hayana neno, lakini kwa mashine ya damu ni balaa. Chokaa iliyomo ikipita, inaingia kwenye damu, na mtu aliyekuja kutafuta nafuu anarudi nyumbani anatapika, kichwa kinampasuka na presha iko juu.

Ndiyo maana kuna tangi. Limesimama kule nyuma, refu kuliko shemeji, na ndani limejaa punje ndogo za rangi ya asali ambazo yeye huziita shanga. Shanga zinaidaka chokaa, maji yanatoka laini. Zikishashiba inabidi zioshwe kwa maji ya chumvi kutoka kwenye pipa lililo pembeni, na kazi hiyo tangi linajifanyia lenyewe wakati watu wamelala. Shemeji kazi yake ni kuhakikisha asubuhi kwamba zimeoshwa zikaoshika. Anafungua bomba na kuyaacha maji yakimbie kwanza, maana yaliyolala kwenye bomba husema uongo. Anasuuza kichupa kwa maji yale yale. Anajaza mpaka kwenye mstari, anadondosha dawa, anatikisa. Maji yakiwa bado magumu yanageuka mekundu. Yakiwa laini, bluu. Katikati kuna zambarau, na zambarau maana yake shanga zimeanza kushindwa, usiguse swichi yoyote.

Kwenye kazi hiyo hana mchezo. Mkuu wa hospitali aliwahi kumletea wageni wenye suti, shemeji akawaacha wamesimama nje ya mlango mpaka alipomaliza kutikisa kichupa chake. Nyumbani naye ni adhabu. Anakwangua birika kwa kijiko huku anaguna. Anamfokea dada kwa kumaliza sabuni, kisha anajijibu mwenyewe kwamba si kosa lake, ni maji. Siku alipokuja kumposa dada, alipewa glasi ya maji ya kisima chetu, akayaonja, akayasukutua mdomoni, akauliza wanafulia nini hapa. Marehemu mama akamuuliza kama amekuja kuoa au kupima kisima.

Sasa, kanuni ya hospitali ilitaka watu wawili wakiangalie kichupa. Mwanzoni Sista alikuwa anakwenda kila asubuhi. Baadaye akawa anachungulia tu kutoka mlangoni, kwa sababu ana wagonjwa wa kupima presha na simu ya kupokea. Mwishowe ikawa inatosha kusikia ile sauti. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Bluu hakosei, basi, na ukweli ni kwamba kwa miaka mingi hakukosea.

Kisha mimi nikaanza kutapika. Nikitoka kwenye mashine, kabla sijafika getini, tumbo linapinduka. Fundi cherehani, mama mmoja mnene mcheshi ambaye kiti chake kiko jirani na changu, naye akawa analalamika kichwa. Daktari akatuangalia, akatuuliza, akasema tunakunywa maji kupita kiasi. Sisi wenye figo za kustaafu maji tunapimiwa, na kila mgonjwa aliyewahi kuishi amewahi kuiba kikombe, kwa hiyo hakuna aliyepata nguvu ya kumbishia.

Shemeji akajipa kazi ya uaskari. Jagi la maji likapandishwa juu ya kabati, mahali ambapo yeye peke yake anafika. Nikapewa kikombe cha mtoto, chenye picha ya bata.

"Shemeji, umekunywa tena?"

"Nimemeza dawa. Au dawa siku hizi tunameza kwa mate?"

"Mate yanamtosha anayetaka kupona."

"Basi nitemee ya kwako."

Dada alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa sicheki. Nilikuwa nashinda na kiu, ulimi umekauka, na bado nikitoka kwenye mashine natapika, na yule mtu ananikata jicho utadhani nimemwibia. Wiki zile nilimchukia, sisemi uongo.

Kuna mambo mengine wakati ule tuliyaona tukayapita. Alilalamika taa ya chumba cha maji imekuwa hafifu. Fundi wa umeme akambadilishia, akalalamika tena, tukasema huyu ni mtu wa bidii. Akaanza kwenda kukitazamia kichupa mlangoni, kwenye mwanga wa nje, tukasema ni uangalifu. Na kwenye chakula cha jioni alikuwa anajisifu kwamba siku hizi chumvi ya pipa inadumu. Zamani alikuwa anamimina mfuko kila baada ya siku chache, sasa pipa limejaa tu, halishuki. "Mashine ikitunzwa inakutunza," alituambia, na dada akamwongezea mchuzi.

Jumamosi moja dada akaletewa gauni lake la kwendea harusi ya jirani. Aliyelishona ni yule yule fundi cherehani wa kiti cha jirani yangu. Akalivaa, akatoka chumbani kwa madaha, akazunguka mbele ya kochi.

"Lo! Mke wangu," shemeji akasema, akaweka gazeti chini. "Bluu imekukaa. Bluu haijawahi kumkataa mtu."

"Bluu iko wapi hapa?" Dada akacheka. "Hili ni zambarau, wewe!"

"Nyie wanawake na rangi zenu za dukani. Hii ni bluu."

"Zambarau!"

Akainuka, akamvuta dada mpaka dirishani, akaishika kola, akaisogeza karibu na macho. Hakuwa anatania. Namjua akitania, huwa anauma mdomo wa chini. "Bluu," akasema. "Tena bluu ya kawaida kabisa."

Dada alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi nililiangalia gauni. Halikuwa na shaka hata kidogo, zambarau iliyokolea, hata mtoto wa chekechea angekwambia. Nikamwangalia shemeji. Kisha nikauangalia mkono wangu wenye alama za sindano.

"Shemeji," nikamwambia, "kile kichupa unakiona vizuri?"

"Kichupa gani?"

"Cha asubuhi."

Alikunja uso papo hapo. "Usiniletee mambo ya gauni kwenye kazi yangu," akasema, akaokota gazeti lake, akatoka nalo nje. Dada akaacha kucheka.

Alinifuata jikoni. Alikuwa bado amelivaa lile gauni, akaanza kuosha vyombo nalo, maji yakamrukia kifuani na wala hakujali.

"Mdogo wangu, ukiyasema hayo kule, atamwaga unga. Umri wake unaujua. Nani atamchukua?"

"Na damu yangu, dada?"

"Mimi sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini ndivyo ilivyo."

Akaliinamia beseni, akalia. Nilimwonea huruma, ni dada yangu, ndiye aliyenilea. Na wala sikubadili mawazo.

Jumatatu nilipofika hospitali sikwenda kwenye kiti changu. Nilipita moja kwa moja mpaka chumba cha maji. Kuna harufu ya unyevu mle ndani, mabomba yamepita ukutani, tangi, pipa, mifuko ya chumvi imeegeshwa pembeni. Shemeji alikuwa ameshafungua bomba.

"Wagonjwa hawaingii humu."

"Leo naingia."

"Shemeji, toka."

"Pima, shemeji. Mimi nasimama tu."

Alininunia, lakini maji yalikuwa yanakimbia na yeye si mtu wa kupoteza maji. Akasuuza, akajaza, akadondosha, akatikisa, akanipita kwa bega mpaka mlangoni. Akakiinua kichupa kwenye mwanga. Nilikuwa nyuma yake, nikakiona vizuri kabisa. Lilikuwa gauni la dada limeyeyushwa kwenye maji.

"Bluu!" akapaza sauti.

"Haya, wa—"

"Msiwashe!"

Sauti hiyo ilikuwa yangu. Sikujua ninayo kubwa namna hiyo. Ukumbi mzima ukageuka, Sista amebaki na glavu moja mkononi na nyingine hewani.

Shemeji alinigeukia taratibu. "Unanivunjia heshima mbele za watu," akasema kwa sauti ya chini. "Miaka yote hii. Mbele za watu."

"Hiyo si bluu."

"Ni bluu!"

"Shemeji, hilo ni gauni la dada."

Akakiangalia tena kichupa. Akakisogeza mbali, akakileta karibu, akafumba jicho moja, akafumba la pili. Sista alikuwa anatujia kwa haraka, lakini shemeji hakumngoja. Akanipita, akampita na yeye, akaenda mpaka kwa fundi cherehani aliyekuwa ameshakunja mkono wa blauzi yake.

"Fundi," akamwambia, "wewe unashinda na nyuzi. Hii ni rangi gani?"

Yule mama akatafuta miwani yake kwenye mkoba, akaivaa, akakipokea kichupa kwa vidole viwili. Akakiinua kwenye dirisha, akakigeuza, hana haraka, ndivyo anavyochagua uzi dukani.

"Zambarau," akasema. "Tena ni ile ile niliyomshonea mkeo."

Wawili watatu wakacheka, hawakujua wanacheka nini. Shemeji alikichukua kichupa chake. Alisimama katikati ya ukumbi, mkono mmoja umekishika, mwingine hajui auweke wapi. Kisha akainua kichwa na kusema kwa ile ile sauti yake ya kila asubuhi, iliyofika mpaka kwa watu waliokaa kwenye benchi la nje:

"Sista, usiwashe. Maji si laini. Na macho yangu si mazima."

Siku ile hakuna aliyeunganishwa. Mafundi walikuja, wakalifunua pipa la chumvi, wakakuta limejaa hadi juu. Wakataka kuondoka. Shemeji akaomba fimbo ya ufagio, akaichoma ile chumvi kwa nguvu, na fimbo ikazama yote mpaka mkono wake ukagonga chumvi ya juu. Chumvi ilikuwa imeganda ikafanya ukoko, na chini ya ukoko ni uwazi mtupu. Maji ya chini yalikuwa yanairamba kidogo tu pembeni, kwa hiyo shanga zilikuwa zinaoshwa nusu nusu. Ndiyo maana chumvi ilikuwa inadumu. Lile chujio jembamba linalofuata baada ya tangi, ambalo lilipaswa kuwa kinga ya pili, lilitolewa likiwa limepakwa weupe lote. Shemeji alilishika, akalikwangua kwa ukucha, akauangalia ukucha.

Nilirudi kesho yake, tangi limeshatengenezwa, miguu imenivimba, nikasafishwa, na sikutapika. Nilitoka nje kwa miguu yangu, nikasimama getini kungojea tumbo lipinduke. Halikupinduka. Fundi cherehani alinipita akiimba.

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ukungu huo huwa na umanjano unaozifanya bluu na zambarau zifanane polepole hata mwenye macho asijue. Akapangiwa tarehe ya upasuaji. Hospitali haikumfukuza. Walimwita, wakakaa, wakasema mengi, Sista naye akaitwa akatoka macho mekundu, na mwisho wa yote wakairudisha ile kanuni ya watu wawili, ambayo kwa kweli haikuwahi kufutwa. Shemeji aendelee kuteka maji na kudondosha dawa. Rangi aitaje mwingine.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Dada hakuninunia waziwazi, lakini sahani yangu ilikuwa inatua mezani kwa kishindo. Shemeji alikuwa anakuja, anakula, anakwenda kulala. Nilijiandaa kwa maneno. Nilikuwa na maneno makali nimeyahifadhi, kuhusu jagi, kuhusu kile kikombe cha bata, nikawa nangoja tu anianze.

Jioni moja akainuka katikati ya chakula, akanyoosha mkono juu ya kabati, akalishusha jagi. Akaliweka mezani mbele yangu. Halikuwa na faida yoyote kwangu, maana maji napimiwa hata leo, lakini aliliweka.

"Shemeji," akasema. "Zile siku ulizokuwa unatapika. Ni mimi?"

Dada aliacha kutafuna.

"Daktari anasema hawezi kujua," nikamjibu.

"Daktari nimeshamuuliza. Nakuuliza wewe."

Yale maneno makali niliyoyahifadhi sikuyaona yalikoenda. "Nadhani ni wewe," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Na mimi nilikuwa nakunyima maji," akasema, akajifuta uso kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. Dada akamshika bega. Nikamwambia kwamba nilimkasirikia sana, na bado nina hasira naye. Akasema ni haki yangu. Tukamaliza kula, na dada alipokuja kuchukua sahani yangu aliichukua polepole.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku yangu ya mashine. Nilikaa kwenye kiti, nikasikia bomba likifunguliwa kule nyuma, maji yakakimbia muda wake, kisha kimya. Shemeji akatoka. Hakusimama mlangoni. Alipita viti vyote, akampita fundi cherehani ambaye alikuwa ameshatoa miwani yake, akaja akasimama kwangu na kunipa kichupa.

"Rangi gani?"

Nilikipokea. Nikakiinua kwenye dirisha. Nilikiangalia kwa muda mrefu, mrefu kuliko ilivyohitajika, na baadhi ya muda huo ulikuwa wa kumkomoa. Hakusogea. Alikuwa anautazama uso wangu, si kichupa.

"Bluu," nikasema.

"Sista hajasikia."

"Bluu!" Nilipaza sauti mpaka koo likaniwasha.

"Haya, washa!" Sista akajibu, safari hii akiwa amesimama nyuma yetu, amekiona na yeye.

Mashine zikaanza kunguruma. Shemeji akakichukua kichupa, akakifuta kwa pindo la shati lake, akabaki hapo hapo pembeni ya kiti changu. Nikanyoosha mkono.